Nyota iliyo juu ya pete haitoshi kutuambia pete ni ya nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie pete ya fedha ambayo kwa muda sasa imekuwa gumzo hapa Tanga, kuanzia mabaraza ya Ngamiani hadi Chumbageni, na ambayo picha yake imezagaa kwenye simu za watu ikiambatana na maelezo kwamba ni pete ya Kiyahudi ya zama za kati iliyofukuliwa upande wa magofu ya Tongoni. Wapo waliokwisha kukata shauri kwamba mji wetu ulijengwa na Wayahudi. Wapo wanaotaja bei ya mamilioni. Na wapo, tena si wachache, wanaosema iyeyushwe au itupwe baharini kwa sababu alama iliyochorwa juu yake ni ya taifa wasilolipenda. Makundi haya matatu hayapatani kwa lolote, lakini yote yameitazama alama tu, na hakuna hata moja lililouliza pete ilitoka mahali gani hasa, ilikuwa imelala kina gani, na ilikuwa pamoja na vitu gani. Hayo ndiyo maswali ambayo majibu yake yangetufaa, na nahofia kwamba tumekwisha kuchelewa kuyapata.

Pete yenyewe nimeiona na nimeishika. Kijana aliyenayo aliileta kwa sonara mmoja wa huku Ngamiani siku ambayo nilikuwa nimekaa naye barazani, akanisalimu, kisha akasema, "Mwalimu, hebu itazame hii, wewe si ndiye uliyetufundisha historia?" Ina uso bapa wa mviringo, upana wake kama ukucha wa kidole gumba, na juu ya uso huo imechorwa nyota ya pembe sita kwa ncha ya chuma: pembetatu mbili zilizopandana, nukta moja katikati, na vinukta vidogo kati ya pembe na pembe. Mkono wa fundi haukuwa wa haraka lakini haukuwa na vifaa vizuri, maana mstari mmoja umempita mwenzake na kuacha kimkia nje ya nyota. Kwa nyuma pete imeungwa, na kwenye kiungo kuna weusi uliogandamana. Uso wake ulikuwa uking'aa nusu, kwa kuwa mtu fulani aliusugua kwa ndimu na majivu ili aone fedha, na kwa kufanya hivyo akauondoa uchafu wa kale ambao mtaalamu angeutaka kuliko mng'ao. Sonara aliisugua kidogo kwenye jiwe lake la kupimia, akadondosha tindikali, akatuambia kwamba fedha ni ya kweli ila si safi, imechanganywa.

Nilipomuuliza kijana ilikotoka, alisema aliinunua kwa mvuvi, na mvuvi naye alimwambia kwamba aliipata kwa mtu aliyekuwa akichimba mchanga upande wa Tongoni. Mtu huyo hajulikani jina. "Sasa mwalimu, ni ya Kiyahudi au si ya Kiyahudi?" Nilimjibu kwamba kwa kuitazama tu mimi siwezi kumwambia, na kwamba yeyote atakayedai kwamba anaweza, hasa akiwa anataka kuinunua, asimwamini.

Hilo la fedha kuchanganywa halitupeleki mbali. Mafundi wa pwani yetu kwa vizazi vingi walikuwa wakipata fedha yao kwa kuyeyusha riale, zile sarafu kubwa zenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, ambazo katika kila sehemu 1,000 huwa na sehemu 833 za fedha na zilizobaki ni shaba. Bangili, vikuku, mikufu na pete nyingi za bibi zetu ni riale zilizopita kwenye chungu cha moto. Na sarafu hizo zina jambo moja la kumzindua yeyote anayedhani kwamba kitu cha kale kinaweza kujieleza chenyewe: zote zimegongwa tarehe ya mwaka 1780, hata zile zilizotengenezwa zaidi ya miaka 100 baadaye, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki walikataa sarafu yenye sura tofauti na ile waliyoizoea. Ikiwa tarehe iliyogongwa waziwazi juu ya chuma inaweza kumpotosha mtu, nyota isiyo na tarehe wala herufi itampotosha zaidi.

Sasa niiseme hiyo nyota. Mtu akichora duara kwa bikari, kisha bila kubadili upana wa bikari akapima hatua juu ya ukingo wa duara hilo, atapata nukta sita kamili. Akiziunganisha kwa kuruka moja moja, nyota ya pembe sita imekwisha kutoka. Ndiyo maana mafundi wa nchi zisizojuana waliifikia, wachonga mawe kwa wafua fedha, na ndiyo maana inaonekana katika nakshi za Wahindu, Wakristo, Waislamu na Wayahudi bila kumilikiwa na yeyote kati yao. Katika magofu ya sinagogi la Kapernaumu, mji unaotajwa katika Injili, nyota hiyo imechongwa kwenye jiwe kama pambo miongoni mwa mapambo mengine, jirani na nyota ya pembe tano. Biblia ya Kiebrania iliyonakiliwa Misri mwaka 1008, ambayo leo imehifadhiwa Saint Petersburg, ina ukurasa uliopambwa kwa nyota hiyo. Lakini bendera ya Hayreddin Barbarossa, amiri wa jeshi la majini la Waturuki katika karne ya 16, nayo ilikuwa na nyota ya pembe sita pamoja na maandishi ya Kurani, na hakuna aliyemwita Myahudi. Kaburi la mfalme Humayun kule Delhi, lililojengwa katika karne hiyohiyo, lina nyota hizo kwenye kuta zake. Sarafu za Morocco zilikuwa nayo hadi nyakati za babu zetu.

Na sisi wenyewe tunaijua. Waislamu wa nchi nyingi wameiita muhuri wa Nabii Suleiman, na wengi wetu tuliolelewa pwani tulisimuliwa na bibi zetu habari za pete ya Nabii huyo ambayo majini waliitii. Alama hiyo imeandikwa katika hirizi na kuchorwa katika vitabu vya falaki, na sitaki kuingia katika hoja za masheikh kuhusu uhalali wa mambo hayo. Nataka tu tukumbuke kwamba mtu wa pwani aliyevaa pete ya fedha yenye nyota ya pembe sita miaka 200 iliyopita hakuhitaji kuwa Myahudi, wala kumjua Myahudi, wala kununua kitu kwa Myahudi. Fedha ndiyo madini ya pete ya mwanamume wa Kiislamu, kwa kuwa dhahabu imekatazwa kwake, na hadithi sahihi zinaeleza kwamba Mtume mwenyewe alikuwa na pete ya fedha aliyoitumia kama muhuri wa barua zake. Kwa hiyo, kwa upande wa madini na kwa upande wa alama, pete hii ingeweza kutoka kwenye kidole cha mtu wa Tongoni, wa Pangani, wa Hadhramaut au wa Gujarat.

Wayahudi nao, kwa upande wao, hawakuifanya nyota hiyo kuwa alama yao rasmi mapema kama tunavyodhani. Tunajua kwamba mwaka 1354 mfalme Charles wa Nne aliwaruhusu Wayahudi wa Prague kuwa na bendera yao, na nyota hiyo ikahusishwa na jumuiya ya mji huo. Kwamba mwaka 1656 jiwe la mpaka kati ya mtaa wa Wakristo na mtaa wa Wayahudi huko Vienna lilichongwa msalaba upande mmoja na nyota upande wa pili. Na kwamba ni baada ya mkutano wa Wazayuni, yaani waliotaka Wayahudi wapate nchi yao, uliofanyika Basel, Uswisi, mwaka 1897 ndipo ilipokwenda dunia nzima kama alama ya vuguvugu hilo la kisiasa, hadi ikawekwa katika bendera ya Israel mwaka 1948. Katika zama za kati, aliyetaka kumtambulisha Myahudi aliweza kutumia alama nyingine kabisa. Mwaka 1215 baraza la Kanisa lililokutana Lateran, Roma, liliagiza kwamba Wayahudi na Waislamu wanaoishi katika nchi za Wakristo watofautishwe kwa mavazi yao. England ilianza kulitekeleza mwaka 1218 kwa kuwalazimisha Wayahudi kuvaa kiraka chenye umbo la vibao viwili vya Amri za Musa, na Ufaransa mwaka 1269 ikawavisha duara la kitambaa. Alama ya kale kuliko zote ambayo Wayahudi wenyewe waliipenda na kuichonga kwenye makaburi yao, pete zao na sakafu za masinagogi yao ni kinara cha taa saba cha Hekalu la Yerusalemu, kile kinachoonekana hadi leo kwenye tao la Titus kule Roma kikibebwa mabegani na askari wa Kirumi walioliteka Hekalu mwaka 70. Anayetafuta pete ya Kiyahudi ya kale angetafuta kinara hicho, au herufi za Kiebrania, kabla ya kuikimbilia nyota.

Pete za Kiyahudi za zama za kati zipo, na ni vizuri wasomaji wazijue, kwa sababu hadithi zake zinahusiana moja kwa moja na ninachokiomba katika barua hii. Mbili kati ya zile mashuhuri zilikutwa zimefichwa, na zote mbili zilifichwa katika msiba mmoja. Tauni ilipoingia Ulaya mwaka 1347 na kuua watu wasiohesabika, ulizuka uvumi kwamba Wayahudi walikuwa wakitia sumu katika visima. Papa Clement wa Sita aliukanusha kwa waraka mwaka 1348, akieleza kwamba Wayahudi wenyewe walikuwa wakifa kwa ugonjwa uleule, lakini uvumi ulikuwa umekwisha kuwa na nguvu kuliko waraka. Mwezi Februari 1349 Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto, na mwaka huohuo jumuiya ya Colmar, mji ulio karibu, iliangamizwa. Tarehe 21 Machi 1349 ilikuwa zamu ya Erfurt, Ujerumani.

Zaidi ya miaka 500 baadaye, mwaka 1863, mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba katika mtaa ulioitwa mtaa wa Wayahudi mjini Colmar walikuta ndani ya ukuta hazina ya sarafu, pete na mapambo. Mojawapo ilikuwa pete ya harusi ya dhahabu ambayo juu yake kimejengwa kijumba kidogo kilichopakwa rangi za kung'aa, na juu ya paa lake zimeandikwa herufi za Kiebrania za maneno ya kumtakia mtu heri, mazal tov. Hazina hiyo leo iko katika makumbusho ya Cluny mjini Paris. Erfurt nako, mwaka 1998, wanaakiolojia waliokuwa wakichunguza kiwanja kabla ya ujenzi walikuta chini ya ukuta wa mlango wa ghala la chini sarafu 3,141 za fedha, vinoo 14 vya fedha, mamia ya mapambo, na pete nyingine ya harusi ya dhahabu yenye kijumba cha ghorofa na maneno yaleyale ya heri. Kijumba hicho, kwa maelezo ya wengi, ni nyumba ya maarusi na ni kumbukumbu ya Hekalu kwa pamoja. Sheria yao ya ndoa hupendelea pete isiyo na kito, ili bibi arusi ajue thamani ya anachopewa bila kudanganyika, na ndiyo sababu mafundi waliweka ufundi wote katika chuma chenyewe. Nyota ya pembe sita si kitambulisho cha pete hizo. Kinachozitambulisha ni maandishi, umbo, na mahali zilipokutwa.

Hapo kwenye mahali ndipo nilipotaka kufika. Hazina ya Erfurt ilichimbwa na watu waliokuwa wakiandika kila kitu. Kwa kuwa ilijulikana ilikuwa katika kiwanja kipi, watafiti waliweza kurudi kwenye kumbukumbu za kale za mji na kumtaja mfanyabiashara Myahudi anayeaminika kuwa mwenyewe, Kalman wa Wiehe. Kwa kuwa sarafu zilikuwa pamoja na pete, umri wa sarafu uliwasaidia kujua umri wa maficho. Mtu aliyeuawa pamoja na jumuiya yake zaidi ya miaka 600 iliyopita amerudishiwa jina kwa sababu tu mchimbaji hakuitoa pete peke yake na kwenda nayo sokoni. Nikifikiria jambo hilo naona wazi kwamba lingewezekana pia kwetu, kwa watu wetu, kwa sababu limekwisha kufanyika. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za watawala wa pwani, ndogo ndogo, zisizo na tarehe, ambazo zingeokotwa moja moja na kuuzwa zingebaki fumbo. Lakini pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu kutoka nje zenye tarehe zinazosomeka, na hizo ndizo zilizowafungulia wataalamu mlango, wakajua kwamba watu wetu walikuwa wakitumia sarafu zao wenyewe katika karne ya 11.

Wasomaji wasinielewe kwamba nakataa uwezekano wa kitu cha Kiyahudi kufika Tanga. Uwezekano huo upo, na mimi ningefurahi kuliko wengi ukithibitika. Katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya kale, Wayahudi waliweka kwa karne nyingi karatasi zao zilizochakaa, kwa kuwa waliona si adabu kutupa maandishi yenye jina la Mungu, na kutokana na karatasi hizo dunia imejua habari za wafanyabiashara wao wa karne ya 11 na 12 waliokuwa wakisafiri kati ya Misri, Aden na India. Mmoja wao, Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Mahdia nchini Tunisia, alikaa miaka mingi Mangalore akiendesha karakana ya vyombo vya shaba, na kuandikiana barua na Madmun, wakala mkuu wa wafanyabiashara mjini Aden. Aden ni bandari ambayo majahazi yake yalikuja kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Na katika Yemen, hadi Wayahudi wapatao 50,000 walipohamishiwa Israel mwaka 1949 na 1950, wasonara waliosifika kuliko wote walikuwa Wayahudi, nao walifua mapambo ya maarusi wa Kiislamu na vifuko vya hirizi zenye aya za Kiislamu ndani yake. Huenda baadhi ya fedha hiyo ilivuka bahari pamoja na watu wa Hadhramaut waliohamia pwani yetu. Basi inawezekana kabisa kwamba katika masanduku ya familia za Tanga mmelala kazi za mikono ya Kiyahudi zisizo na nyota yoyote, na pete zenye nyota ambazo hazikuguswa kamwe na Myahudi.

Tena yuko Myahudi mmoja ambaye historia inamjua na ambaye alipita mbele ya Tongoni. Vasco da Gama alipofika pwani hii mwezi Aprili 1498, merikebu yake iitwayo São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya mbele ya Mtangata, ambayo ndiyo Tongoni ya leo, kisha ikaelea maji yalipojaa. Huko India, kwenye kisiwa cha Anjediva, Wareno walimkamata Myahudi mwenye asili ya Ulaya aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Goa, wakambatiza na kumwita Gaspar da Gama. Wakati wa kurudi, mwezi Januari 1499, mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa maradhi, merikebu ileile São Rafael ilichomwa moto mbele ya pwani yetu kwa kukosa watu wa kuiendesha, na Gaspar alikuwamo katika msafara huo. Sisemi hata kidogo kwamba pete ni yake. Nalitaja jambo hili ili vijana wetu wajue kwamba habari ya kweli, iliyoandikwa na watu waliokuwapo, inavutia kuliko uvumi wa simu, na kwamba Tongoni haihitaji kuongezewa chochote cha kubuni.

Tongoni inahitaji kulindwa. Msikiti wake na makaburi yake zaidi ya 40, mengi yakiwa ni ya nguzo, ni ya karne ya 14 na 15, na hakuna mahali pengine Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi namna ile pamoja. Ukienda leo utaona kwenye nguzo na kuta za makaburi vishimo vya mviringo vilivyo tupu. Humo mlikuwa na mabakuli na sahani za kauri kutoka nchi za mbali, China ikiwamo, na watu wamezing'oa. Kila bakuli lililong'olewa liko mahali fulani, au limevunjika, na hakuna awezaye tena kusema lilitoka kaburi lipi. Ndivyo pete hii nayo ilivyo: iwe ya mwaka 1400 au ya mwaka 1900, ushahidi uliokuwa umeizunguka umekwisha kumwagwa pamoja na mchanga kwenye lori la ujenzi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inavihesabu kuwa malikale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, inamtaka anayevigundua atoe taarifa, na inakataza kuvichimba au kuvipeleka nje bila kibali. Sheria ni nzuri. Tatizo liko pale mtu wa kawaida anapotaka kuitii. Nimewahi kumsindikiza jirani yangu aliyekuta vigae na shanga wakati wa kuchimba choo. Tulikwenda ofisi ambayo sitaitaja, tukazungushwa dirisha hadi dirisha, na mwishowe vitu vilipokelewa bila stakabadhi, bila kuandikwa jina lake wala jina la kijiji, na hadi leo hajapata jibu. Mtu wa namna hiyo akipata pete ya fedha kesho, mnamtarajia aende wapi? Ataenda kwa sonara, na sonara atampa bei ya gramu.

Uingereza, ambako pete za zama za kati hufukuliwa mara kwa mara na watu wenye vifaa vya kunusa madini, wametunga mwaka 1996 sheria inayomtaka mtu aliyepata kitu cha dhahabu au fedha chenye umri wa zaidi ya miaka 300 akitangaze ndani ya siku 14. Makumbusho ikikitaka, hulipa thamani yake, na malipo hugawanywa kati ya aliyekiona na mwenye shamba. Sidhani kwamba tunapaswa kunakili kila kitu, na natambua kwamba fedha za kulipa hazipatikani kirahisi, lakini naiomba Idara ya Mambo ya Kale ifikirie angalau hatua mbili zisizo na gharama kubwa. Ya kwanza ni stakabadhi yenye namba, jina la aliyeleta, na jina la mahali kitu kilipotoka, itolewe papo hapo katika ofisi ya kata, ili mtu ajue kwamba alichokileta hakikupotelea mfukoni mwa mtu mwingine. Ya pili ni kwamba kitu kikisomwa na wataalamu, jibu lirudi kijijini, na ikiwezekana kitu chenyewe kionyeshwe hapahapa, kwa mfano katika makumbusho ya Urithi yaliyo katika Boma la zamani, badala ya kwenda Dar es Salaam na kusahauliwa.

Kwa wasonara wa Ngamiani, ambao wengi ni rafiki zangu na ambao najua wanaishi kwa kuyeyusha, ombi langu ni dogo zaidi: kabla chombo cha zamani hakijaingia kwenye moto, kipigwe picha kwa simu pande zote mbili pembeni mwa rula, na aliyekileta aulizwe kilitoka wapi, jibu liandikwe. Na wale wanaotaka pete hii iharibiwe kwa sababu ya yanayotokea leo Mashariki ya Kati, nawaambia kwa heshima zote, na kwa kuwa nami naumia kwa yanayotokea huko, kwamba hasira hiyo haina haki juu ya kitu ambacho huenda kilivaliwa na babu wa mmoja wao, aliyekijua kama muhuri wa Nabii Suleiman. Na hata kama kilivaliwa na Myahudi, alikuwa mgeni au jirani wa watu wa pwani hii, na hakuna aliyetukabidhi kazi ya kumfuta.

Mwisho nakugeukia wewe, Mhariri. Gazeti hili husomwa na wavuvi, wachimba mchanga na viongozi wa vijiji kuliko kitabu chochote cha akiolojia. Naomba kwamba habari za vitu vya kale zinapokuja mezani kwenu, zisichapishwe na kichwa cha habari kinachotaja kabila au bei kabla ya mtaalamu kuulizwa, na kwamba mtutafutie na kutuchapishia jina la ofisi ya hapa Tanga inayopokea vitu hivyo, siku zake na saa zake. Kijana mwenye pete ameniahidi kwamba hataiuza wala kuisugua tena mpaka ofisi hiyo itakapojulikana, naye yuko tayari kumpeleka ofisa kwa yule mvuvi, ili mvuvi amwonyeshe mahali mchanga ulipochimbwa kabla mvua za masika hazijapafukia.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Ngamiani, Tanga